Soda ya Shahidi

Deni langu kubwa la Amerika nililipata kwa soda moja ya machungwa, tena haikuwa hata baridi.

Watu wakisikia nilidaiwa gari, wanauliza gari gani. Bon, hapo ndipo penye uchungu. Mimi sijui kuendesha. Hata leo nikikaa kiti cha mbele nashika mlango kwa mikono miwili, nakanyaga breki ambazo hazipo. Gari lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Lakini aliyekaribia kunyimwa nyumba kwa ajili yake ni mimi, na si nyumba yoyote, ni nyumba ya tatu kutoka mlango wa yaya wangu, dada yangu mkubwa, kule Buffalo. Washitakiwa wote nitawataja. Majina nimewaachia Mungu na mabenki, nitawaita kwa kazi zao tu, kila mmoja atajijua.

Wa kwanza ni shemeji. Wakati ule tulikaa wote Louisville, upande wa Iroquois, karibu na ile bustani kubwa, kwenye majengo ya matofali yaliyojaa watu wa Kivu. Jumamosi ungepita na kunusa sombe, majani ya muhogo, mlango hadi mlango, ukajua nani ameweka mawese na nani amebana. Siku moja shemeji akaja, ananukia pafyumu.

"Shemeji, kesho unipatie saa moja tu. Nanunua gari. Wanataka shahidi."

"Shahidi tu?"

"Shahidi tu. Unaweka sinyatire, jina lako tu, tunarudi."

Sasa mnielewe. Mimi ni mtu wa milimani, kule juu Kivu Kusini. Kwetu hakuna biashara bila shahidi. Ukiuza ng'ombe, ukinunua kipande cha shamba, ukipatana na jirani juu ya mpaka, watu wawili watatu wanakaa pale wanatazama, wanaweka kidole kwenye karatasi, wanapewa kinywaji, wanarudi kwao. Kazi ya shahidi ni macho na mdomo. Aone leo, na siku ya ugomvi aseme alichoona. Shahidi halipi ng'ombe. Kama angelipa ng'ombe, nani angekubali kazi hiyo? Watu wangeuziana mifugo gizani kama wezi.

Kwa hiyo nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kuwa shahidi.

Mshitakiwa wa pili ni muuza magari, mtu mwenye meno mengi kuliko maneno. Alinisogezea karatasi. Mwanangu, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa Kiingereza cha nyumba nzima ingawa hajaota hata ndevu, alimuuliza mimi ni nani kwenye karatasi hiyo. Muuzaji akatabasamu, akasema maneno mafupi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema wewe ni mtu wa kusimama pamoja na baba mdogo."

Nikasimama.

Wallahi msicheke, nilisimama kweli, karibu na shemeji, mkoba kifuani, kama kwenye picha ya arusi. Muuzaji akacheka, akanionyesha kiti, akanipa kalamu. Niliandika jina langu herufi moja moja, kama mtu anayepanda maharagwe. Kisha nikangoja. Shemeji akaelewa ninachongoja, akaenda kwenye mashine ya vinywaji ya kona, akarudi na soda ya machungwa. Niliinywa yote. Ushahidi ukawa umekamilika.

Shemeji aliendesha gari lile, jekundu kama pilipili, mpaka akaamua kuhamia Columbus. Alipata ghala huko lenye mshahara mzuri zaidi, akapanga Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Alinipungia mkono dirishani. Mimi kwa ujinga wangu nikampungia pia.

Baadaye simu zikaanza kuniita. Sauti za watu wasionijua zilitaja jina langu kwa namna ambayo hata mama yangu asingelitambua. Nikampigia shemeji.

"Achana nao," akasema. "Ile gari walishaibeba. Walikuja na gari ya kuvuta, wakaondoka nayo, na viatu vyangu vya kanisani ndani. Donc tumemalizana."

Nami nikakubali, maana kwetu aliyerudishiwa ng'ombe na kamba yake hana tena la kudai. Anaweza kununa, kudai hawezi. Nani angenieleza kwamba hapa wanakuja kumchukua ng'ombe, wanamuuza mnadani kwa bei ya kuku, halafu wanakurudia kwa tofauti?

Ndipo ikafika barua. Hapa anaingia mshitakiwa wa tatu, mwanangu wa kumzaa. Alikuwa amelala kwenye kapeti, simu yake imechomekwa ukutani. Akaisoma barua kwa jicho moja.

"Mama, inasema deni ni chaji ofu."

"Ndiyo nini?"

Akatazama barua, akatazama simu ikila umeme. "Chaji ni chaji. Ofu ni kuzima. Wamelizima."

"Deni wamelizima?"

Akapandisha mabega, akajibu kwa Kiingereza lile neno fupi ambalo watoto hawa hulitumia wakati hawajui na hawataki kuulizwa tena. Mimi sikuhitaji jibu jingine. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Jumapili nilikwenda mbele ya kanisa. Shahidi nikatoa ushuhuda! Nikasema: ndugu zangu, nilikuwa na deni la watu wenye nguvu, deni la gari nisilolipanda, na Mungu kwa mkono wake ameenda mpaka kwenye ukuta wa benki akachomoa waya. Chaji ofu! Kanisa likalipuka. Mshitakiwa wa nne, Pasta, akanyakua kipaza sauti.

"Mwambie jirani yako: chaji ofu!"

"Chaji ofu!"

"Shetani akikupigia simu, mwambie: chaji ofu!"

Ngoma zikaitikia. Mpaka Pasaka tulikuwa na wimbo.

Nikiwa natoka nje, mama mmoja wa kwaya akanivuta kitenge.

"Mama, samahani. Ya kwako ilizima kisha muda gani?"

"Labda miezi sita hivi."

"Bila kulipa kitu?"

"Hata kitu."

Akafumba macho, midomo ikichezacheza. "Na miye nitaamini," akasema, akaenda zake. Sitaki kusimulia imani ile ilimfikisha wapi. Alipohama kanisa hakuniaga.

Miaka ikapita hivyo, mimi natembea kama mtu asiyedaiwa. Kisha yaya akanipigia.

Huyu yaya ni nani, niseme. Tulikimbia pamoja, tukaishi kambini kwenye hema moja, tukapika kwenye sufuria moja, tukazaa watoto waliochanganyika mpaka wageni hawakujua nani wa nani. Halafu mtu fulani ofisini, ambaye nikimjua nitamweka juu kabisa ya washitakiwa, akatuandika kama familia mbili. Yaya akapelekwa Buffalo, mimi Louisville. Tangu hapo tulikuwa tunaonana kwenye simu tu, yeye akishika kamera vibaya, nami nikizungumza na paji lake la uso.

"Mdogo wangu," lile paji likasema, "nyumba ya tatu kutoka kwangu inauzwa. Mzee mwenyewe anaenda kukaa kwa binti yake. Nimemwambia asimuuzie mtu."

"Amekubali?"

"Nimempelekea sambusa. Atangoja mpaka theluji iyeyuke. Anapenda zile za nyama."

Yaya anakaa Black Rock, mtaa wa zamani wa Buffalo karibu na mto, viwanda vimekufa, nyumba za mbao zimebaki zimesimama bega kwa bega kama vibibi kwenye foleni. Watu wetu wamezinunua kwa bei ambayo Wamarekani wanaona aibu kuitaja. Nilipanda basi nikaenda kuiona ile ya tatu. Ilikuwa na ngazi zinazolia, dari yenye doa kama ramani, na dirisha la jikoni ambalo ukiinama kidogo unaona dirisha la jikoni la yaya. Niliinama. Yaya alikuwa kwake, ananionyesha mwiko. Nikasema hapa ndipo nitazeekea.

Tukaenda kwa mama wa mikopo, ofisi ndogo, mwanamke mpole mwenye sweta la njano. Akatuunganishia mkalimani kwa simu, mwanamume mwenye Kiswahili safi, kilichopigwa pasi, cha watu wa Tanzania. Mama wa mikopo akatazama kompyuta yake kwa muda. Akasema pointi zangu ziko chini, zile wanazompa kila mtu kuonyesha kama hulipa madeni yake.

Pointi! Mimi niliacha shule darasa la nne kwa ajili ya pointi. Nimevuka bahari, nimezeeka, na pointi zimenifuata mpaka Buffalo.

"Anasema," mkalimani akaendelea, "sababu kubwa ni deni la gari ambalo mkopeshaji amelifuta vitabuni mwake. Charged off."

"Chaji ofu!" nikaruka kitini. "Ndiyo! Mungu alilizima! Mwambie ndiyo hiyo hiyo!"

"Mama," mkalimani akasema taratibu, "nadhani hujaelewa."

Na yeye ndiye aliyenieleza, baada ya miaka yote ile na wimbo wake. Kwamba usipolipa kwa miezi kadhaa, benki inachoka kukungoja, inaandika kwenye vitabu vyake yenyewe kwamba hii ni hasara. Imeandika hivyo kwa ajili ya hesabu zake, si kwa ajili yako. Wewe bado unadaiwa. Deni lenyewe wanaweza kuliuza kwa watu wengine, kazi yao ni kununua madeni yaliyooza, na hao ndio wanaokupigia. Na doa lile linakaa kwenye pointi zako kama miaka saba, tangu ulipoacha kulipa.

"Kwa hiyo hawakunisamehe?"

"Hapana, mama. Walikata tamaa tu."

Kwetu wenye maduka huandika ukutani: kredi imekufa, wasiolipa ndio walioiua. Nilikuwa nikicheka nikipita. Sasa niliiona kredi yangu mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, imekufa, na mimi ndiye nimeandikwa muuaji. Mama wa mikopo akasema nikiweza kupatana na hao walionunua deni, nimalize, nipewe maandishi, basi nirudi kabla ya majira ya kuchipua tuone. Doa halitatoka, ila litaandikwa kwamba limemalizwa. Tulipotoka nje, yaya akaniuliza ni theluji kiasi gani ingehitajika ili mzee angoje. Nikamwambia aombe nyingi.

Sikurudi Louisville moja kwa moja. Nilishuka Columbus. Mwanangu, ambaye sasa alikuwa na ndevu na kazi, akaja kunipokea, tukaenda Gahanna kwa shemeji.

Shemeji alifungua mlango na mikono yote miwili. Nyuma yake ilikuwepo televisheni kubwa kama mlango wa kanisa.

"Karibu shemeji! Umekonda!"

"Nimekonda kwa ajili ya gari yako."

"Gari gani? Ile? Aah, shemeji, ile tulishazika."

"Mkazika bila kuniita kwenye matanga?"

Mke wake akaingia jikoni kucheka. Shemeji akakaa, akaeleza ile habari yake ya kumalizana. Mwanangu akamweleza habari ya mnada na tofauti.

"Lakini si weye ulisema wamelizima?" shemeji akamgeukia.

"Nilikuwa mtoto," mwanangu akasema.

"Hata miye nilikuwa mtoto," shemeji akasema, na mvi zake.

Sikupiga kelele. Kwetu mdai mwenye akili hatukani, anakuja kukaa. Nilitandaza khanga yangu kwenye sofa lao nikawaambia nimekuja kuwasalimia, siku ya kuondoka Mungu ataionyesha. Jioni ugali ukaletwa, na samaki, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wakaniomba niombee chakula. Nikaanza sala ya Bwana, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanja wa ndege. Nilipofika "utusamehe deni zetu", nikanyamaza.

Ugali unapoa. Shemeji akafungua jicho moja.

"Endelea, shemeji."

"Nimesahau kinachofuata."

"Shemeji, sala hii unaijua tangu tumboni."

"Najua mwanzo na mwisho. Katikati ndipo pananishinda."

Mkewe akaanza kutikisika. Shemeji akamalizia yeye, harakaraka, habari ya sisi nasi kuwasamehe wadeni wetu, amina, na mkono wake ukiwa tayari ndani ya ugali. Kesho yake asubuhi nikaomba tena, nikasahau pale pale. Mchana vilevile. Jioni ya pili shemeji aliweka kijiko chini kabla sijafumba macho.

"Bon. Unataka nifanye nini?"

Aliiuza televisheni. Mimi nikatoa zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu akina mama wa kuchangiana kila mwezi na kumpa mmoja. Tukawapigia walionunua deni, mwanangu katikati. Walitaka yote. Nikamwambia mwanangu waulize wao walilinunua kwa ngapi. Hawakusema. Nikamwambia waambie basi mimi ni mama wa sokoni, kitu kilichooza hakiuzwi bei ya kibichi. Sijui alitafsirije, lakini upande wa pili mtu alicheka, na mtu akicheka sokoni bei imeshashuka. Tukapatana chini ya nusu. Nikadai maandishi kwanza, kama mama wa mikopo alivyonifundisha. Zilizobaki, wakasema, zimesamehewa. Nilimfanya mwanangu alihakikishe neno hilo mara nyingi. Akalitafuta kwenye simu, akalisoma mbele na nyuma. Kusamehewa. Kweli.

Mezani siku ile niliomba sala yote bila kusahau. Ndipo nikamwambia shemeji: "Na miye nimekusamehe fungu lako lililobaki, lile nililolipa kwa likelemba."

"Mungu akubariki, shemeji!"

Angengoja kidogo angepunguza furaha.

Mwaka mpya ulipoanza, serikali, mshitakiwa wa tano, akaniletea karatasi. Mwanangu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Mama, wanasema zile walizokusamehe ni mapato."

"Mapato ya nani?"

"Yako. Ni kama walikupa pesa. Kwa hiyo inabidi tuwaeleze watu wa kodi."

"Nani alinipa? Alinipa wapi? Nilikuwa nimevaa nini?"

Kabla hajanijibu, simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, huku wamenitumia karatasi! Wanasema nimepata pesa!"

"Kiasi gani?"

Akataja. Nikatazama yangu. Kiasi kile kile, mpaka senti za mwisho. Pesa ambayo hakuna mtu aliyeiona kwa macho, sasa tumeipata wawili, kila mmoja yote nzima! Nimeona miujiza mingi, lakini hii hata Pasta hajaifikia.

Nilifikiri nyumba imekwenda. Mama wa mikopo alitaka karatasi zangu za kodi, na kodi ya mapato yale ingemeza kile kidogo nilichobakiza cha kutanguliza kwenye nyumba. Niliota doa la ile dari. Kwa hasira nikawa nasema peke yangu kazini kwangu ghalani, nikifunga masanduku: Amerika, ukidaiwa wanakuchapa, ukisamehewa wanakutoza.

Mwanangu akanipeleka maktaba, ambako wazee wa kujitolea wanawasaidia watu kodi bure. Tukapata bibi mmoja mwenye miwani ya kamba. Akaiangalia karatasi bila kushtuka, kama mganga anayeona upele. Akauliza: kabla tu hujasamehewa, ulikuwa na mali gani?

"Sufuria," nikasema.

"Nyumba?"

"Ndiyo naitafuta."

"Gari?"

Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari. "Hana gari," akasema.

"Na madeni?"

Hapo ndipo nilipochangamka. Hospitali ya Louisville iliyonitazama tumbo dakika chache na kuniandikia barua ndefu. Tiketi za ndege zilizotuleta Amerika, maana sisi wakimbizi hata kukimbia tulikopeshwa. Na lile gari lenyewe, kabla ya kusamehewa. Bibi aliandika, akajumlisha, akaangalia upande wa mali, penye sufuria, sofa na vitenge. Akaanza kutabasamu. Akamwambia mwanangu neno, mwanangu akalitafuta kwenye simu, safari hii bila haraka.

"Mama, anasema ulikuwa mufilisi."

"Mtoto gani anamtukana mama yake maktaba?"

"Si tusi, mama. Ni mlango. Kama siku ile madeni yalikuwa mengi kuliko mali kwa kiasi hicho, zile walizokusamehe hazihesabiwi. Ila lazima tujaze fomu tuseme hivyo. Tukinyamaza, watatoza."

Basi, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, umaskini wangu ulikuwa na sifa zinazotakiwa. Niliona fahari, sitaki uongo. Nikampigia shemeji nikamwambia atafute bibi wake huko Columbus, atangaze ufilisi wake.

"Lakini nilikuwa na televisheni," akanong'ona.

"Uliuza siku ngapi kabla hatujasamehewa?"

Akafikiri. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na jambo moja, shemeji," nikasema. "Kumbuka nilikusamehe fungu lako. Sasa umejifunza kwamba msamaha una kodi."

"Kodi gani tena?"

"Nitakuambia theluji ikiyeyuka."

Ilipokaribia kuyeyuka, mzee wa ile nyumba akiwa ameshiba sambusa kiasi kwamba binti yake alilalamika kwa yaya juu ya kolesteroli, tukarudi kwa mama wa mikopo, yaya na mimi. Sweta lile lile. Mkalimani yule yule kwenye simu, au ndugu yake aliyepigwa pasi sawasawa. Akasema karatasi ni nzuri. Pointi zimepanda, si sana. Lile doa bado lipo, wameandika kwamba tulipatana, litakaa mpaka muda wake uishe. Wanaweza kunikopesha kama nitapata mtu mwenye pointi nzuri wa kusaini pamoja nami.

"Kalamu iko wapi?" yaya akasema.

"Yaya, acha kalamu."

"Kwa nini? Shahidi si..."

"Neno hilo lisitajwe humu ndani!" Nilisimama. Mara ya pili maishani nasimama mbele ya watu wa mikopo. "Sikiliza. Nisipolipa, wanakuja kwako. Nikiugua, wanakuja kwako. Pointi zako zitakufa na zangu siku moja, na wewe hutakuwa umelala ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja. Afadhali niikose."

"Nitafsiri na hayo?" simu ikauliza.

"Tafsiri yote!"

Akatafsiri. Kisha, kwa adabu, akaongeza: "Samahani, mama, kwa Kiswahili sanifu huyo haitwi shahidi. Anaitwa mdhamini."

Mdhamini. Nilikaa chini. Kumbe neno lilikuwepo! Limekaa mahali fulani limekunjwa vizuri kabatini, siku ile yote niliposimama na mkoba kifuani, na hakuna mtu aliyeniletea. Kwa neno lile moja ningeirudisha soda mezani. Nilitaka kumweka kwenye orodha ya washitakiwa kwa kuchelewa, lakini sauti yake ilikuwa nzuri mno.

Yaya alikuwa ananitazama, si paji la uso peke yake, uso mzima.

"Mdogo wangu, siku tulipokimbia mara ya kwanza, ungali mtoto, nilikubeba mgongoni. Ulinikojolea tangu bondeni mpaka mtoni. Ulidhani siku ile nilikuwa shahidi?"

Mama wa mikopo akauliza amesema nini. Mkalimani akasafisha koo, akasema hiyo hataitafsiri.

Yaya akasaini. Anaandika vibaya kuliko mimi. Nikaenda kwenye mashine ya kona nikamnunulia soda ya machungwa. Niliishika kwanza, nikaona haina baridi ya kutosha, nikatoka nje nikaizika kwenye theluji ya mwisho iliyobaki kando ya njia, tukangoja wote wawili, mpaka chupa ikatoa jasho. Ndipo nikampa.

Shemeji alilipa kodi yake ya msamaha. Alikuja Louisville akakodi lori kwa kadi yake, akabeba sofa langu na sufuria zangu mpaka Black Rock, akiimba ule wimbo wa chaji ofu njiani kote mpaka mwanangu akamtishia kushuka. Ngazi zangu zinazolia ni yeye aliyezipigilia misumari. Zinalia bado.

Sasa kila mwezi siku ya malipo inapokaribia, nikiinama kwenye dirisha la jikoni namwona yaya kwenye lake. Hasemi kitu. Anainua ile chupa tupu ya soda, ambayo hakuitupa, anaigonga kwa mwiko. Nami nalipa kabla ugali haujaiva.